Mshono wa Ndani

Fundi alipandisha blauzi mwenyewe kabla hajaombwa.

"Tazama, daktari," alisema. "Tazama huo mshono ulivyolala. Umenyooka, mwembamba, haukuvuta ngozi hata kidogo. Mimi kushona ndiyo kazi yangu, kazi nzuri naijua nikiiona."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani iliyomteremka puani kila alipoinama. Aliinama, miwani ikateremka, akaipandisha. Kovu lilikuwa chini kabisa ya tumbo, limelala kutoka kushoto kwenda kulia kama pindo la sketi. Alilipapasa kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni mzuri kweli. Lakini huu ni wa nje."

"Na wa ndani si aliushona mtu huyo huyo?"

Haya, hapo daktari alijitakia mwenyewe, maana Fundi akishashikwa na habari za kushona hanyamazi. Mtaani hata jina lake alilopewa na wazazi walikwishalisahau. Alikuwa Fundi tu, kwa wateja, kwa majirani, hata kwa mwenye nyumba anapokuja kudai kodi. Basi akamweleza daktari kwamba nguo iliyoraruka ikashonwa vizuri, siku ikiraruka tena haiachii pale paliposhonwa, inaachia pembeni. Uzi ukiwa mzuri na mkono ukiwa mzuri, mshono unakishinda kitambaa kwa nguvu. Sasa hofu ya nini?

"Nguo haishikwi na uchungu, mama," alisema daktari.

Akavuta kiti, akakaa karibu. Hakuwa na haraka, na hilo lilimuudhi Fundi zaidi, kwa sababu mtu asiye na haraka ni vigumu kugombana naye.

"Wapo wanaojifungua kawaida baada ya operesheni, tena wengi, na mimi mwenyewe nawapokea," alisema. "Lakini kwanza natazama. Natazama mtu alipasuliwa kwa sababu gani, amepumzika muda gani tangu wakati ule, na huyu mtoto wa sasa amekaaje, ni mkubwa au mdogo. Na kubwa kuliko yote, natazama alikatwaje ndani. Mji wa mimba ukikatwa pale chini, mkato wa kulala, kovu lake mara nyingi linavumilia uchungu. Ukikatwa wima, kule juu kwenye nyama inayosukuma, uchungu ukichachamaa kovu linaweza kuachia. Likiachia, sina muda. Naweza kuwapoteza nyote wawili. Sasa wewe ulikatwaje?"

"Si unaona?"

"Naona ngozi. Ngozi wanaikata hivi kwa uzuri wake, halafu ndani wakakata vingine kabisa. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa mji mwingine, walikokuwa wakiishi kabla mume wake hajapata kazi huku. Daktari alikuwa amekwishapiga simu kule. Yule aliyempasua alihama nchi zamani, na waliobaki hawamkumbuki mgonjwa.

"Mtoto wako wa kwanza alikuwa hajatimiza miezi, na alilala amekingama tumboni," alisema daktari. "Watoto wa namna hiyo wakati mwingine hawatoki mpaka ukate wima. Kwa hiyo mimi nitakuhesabu kuwa ulikatwa wima, mpaka nijue vingine. Uje Jumatatu asubuhi bila kula kitu, tumtoe mtoto kwa amani."

Fundi akashusha blauzi. "Sawa," akasema.

Jamani, mwanamke akikuambia "sawa" kwa sauti ile, usiondoke ukifurahi.

Saluni ya Msusi ilitenganishwa na duka la Fundi kwa ukuta wa mbao, na ukuta wa mbao hauna siri. Msusi alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza kwa operesheni na wa pili kwa njia ya kawaida, na habari za huyo wa pili aliwasimulia wateja wote, wakiwa wameinamisha vichwa na hawana pa kukimbilia. Kila aliposimulia, uchungu ulizidi kuwa mfupi na mtoto alizidi kuwa mkubwa.

"Madaktari ukiwafuata mapema wanakupasua," alimwambia Fundi jioni ile, chanuo mdomoni. "Wewe kaa kwako. Jikaze. Nenda wakati njia imeshafunguka, wakute kichwa kiko mlangoni. Nani atapasua hapo?"

Msusi si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Angempa Fundi figo lake moja angeombwa. Ila yeye alikatwa chini, mkato wa kulala, mtoto wake akiwa ametimia, na hakujua kama duniani kuna namna nyingine ya kukatwa. Aliyetoka salama hudhani njia yake ndiyo barabara ya wote.

Basi Jumatatu ilipofika, Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, anashona mapazia ya shule. Nyumbani aliwaambia kwamba daktari amesogeza mpaka Ijumaa. Aliusema uongo huo bila kupepesa jicho, huku akipuliza chai.

Msidhani aliogopa kisu. Mwanamke huyu aliwahi kujidunga sindano ya cherehani kidoleni ikatokea upande wa pili, akaichomoa, akafunga kitambaa, akamalizia kola ya shati la mteja. Kilichomtisha ni usingizi.

Mara ya kwanza walimpa nusukaputi. Alimwona mtu aliyefunika mdomo akimwinamia, halafu hakumwona mtu tena. Alipozinduka tumbo lilikuwa tupu, koo limekauka, na mtoto hayupo. Yuko jengo jingine, wakamwambia, mzima, mdogo tu. Halafu homa ikampanda, wakamkataza kutoka kitandani. Siku ya nne ndipo waliposukuma kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye chumba cha watoto njiti, na huko akamkuta mama mkwe wake ameketi, vifungo vya blauzi wazi, na kwenye kifua chake amefungwa kiumbe kimoja kidogo chenye kofia. Ngozi kwa ngozi, ndivyo watoto wa namna ile wanavyotiwa joto. Mama mkwe akamfungua, akampa. Mtoto akalia. Akalia, akalia, mpaka muuguzi akasema labda amrudishie bibi yake kwanza. Alipomrudisha, mtoto akanyamaza.

Hilo ndilo lililomkaa Fundi rohoni mpaka leo. Alijua ni upuuzi. Alijua yule mama alimwokolea mwanawe. Lakini moyo hauna adabu, na kila alipomtazama mkwewe alimwona mtu aliyemtangulia kufika kwa mtoto wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu neno kama hilo ukaeleweka? Safari hii alitaka awe macho. Alitaka mtoto akija mlangoni amkute mama yake amesimama, kwa namna ya kusema. Na kwa kuwa kwake operesheni na usingizi vilikuwa kitu kimoja, aliikataa operesheni.

Mama mkwe, ambaye hakupitisha mwaka bila kuja kukaa nao, alikuwa amefika wiki mbili kabla, na mabegi yake mawili na mto wake mwenyewe. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na tangu hapo watu wote kwake ni darasa la kwanza. Alimwambia kondakta anyooshe kola. Alimwambia mwenye nyumba arudie sentensi yake, safari hii kwa sauti. Lakini kwa mke wa mwanawe alikuwa mtu mwingine. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Chumbani kwao hakukanyaga. Habari za tumbo hakuuliza neno zaidi ya "Umeamkaje?", maana kwa malezi yake mkwe hachungulii mambo ya mke na mume. Ni heshima hiyo, na watu wengi waliisifu.

Mjukuu wake wa kike, yule aliyezaliwa njiti, walimwita Kadogo na jina likamganda, ijapokuwa sasa alikuwa na miguu mirefu kama ngazi. Jumanne asubuhi Kadogo alijikwaa kwenye kizingiti cha duka, akachubuka goti. Fundi alikuwa hapo hapo, hatua moja tu, amekwishapanua mikono. Kadogo akampita mbio, akalia "Bibiii!" mpaka uani.

Fundi akashusha mikono. Akarudi kushona mapazia.

Uchungu ulimshika siku ya pili yake, asubuhi kweupe, jua likiwaka na redio ya Msusi ikiimba upande wa pili wa ukuta. Haukuja kwa vishindo. Ulianza mgongoni, ukazunguka mbele, ukambana kidogo, ukamwachia. Fundi akafurahi, na furaha yenyewe aliificha. Akaongeza uzi kwenye bobini ya cherehani, akaendelea.

Adhuhuri, katika chumba cha nyuma, mama mkwe alikuwa akimfundisha Kadogo herufi. Walikuwa wamefika mbali. Ghafla akamwambia mtoto, "Nyamaza kwanza," akategea sikio. Baada ya muda akaja mpaka mlango wa duka, akabisha hodi, ingawa mlango haukuwapo, palikuwa na pazia tu.

"Hodi. Cherehani yako ina nini?"

"Haina kitu, Mama."

"Inakwenda, inasimama. Inakwenda, inasimama. Nilidhani unakata uzi. Lakini mtu anayekata uzi hasimami muda wote huo, tena hapumui hivyo."

"Mama, nenda kapumzike."

"Mimi napumzika tangu nilipostaafu. Nimechoka kupumzika."

Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono mapajani, akasubiri. Watu waliokaa mbele ya watoto maisha yao yote wanajua kusubiri. Fundi akakanyaga cherehani kwa makusudi, mshono ukaenda mbio, halafu uchungu ukaja na mguu ukasimama wenyewe. Akashika ukingo wa meza. Akakodolea macho picha za mitindo ukutani mpaka ulipopita.

"Umeanza lini?" aliuliza mama mkwe.

"Sasa hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Fundi, kwa sababu mwenye uchungu hana nafasi ya kupanga uongo.

"Na daktari alisema Ijumaa."

"Alisema Jumatatu. Hii iliyopita." Akafuta jasho kwa kipande cha pazia. "Sitaki kupasuliwa, Mama. Nitakwenda, lakini nitakwenda baadaye, njia ikishafunguka. Nimeshaamua, usihangaike."

Mama mkwe akasimama.

"Mwanangu," alisema taratibu, "wewe si unajua ulivyokatwa?"

"Nilikatwa kama wengine."

"Ulikatwa wima."

Redio ya Msusi ilikuwa ikitangaza sabuni.

"Nani kasema?"

"Daktari aliyekupasua! Alitoka na kofia yake kichwani, akatusimamisha kwenye korido, mimi na mume wako. Akasema mtoto alikuwa amelala vibaya, nimemkata wima kwa ndani. Akasema huyu asije akaachwa ashikwe na uchungu tena, kila mtoto atakayemzaa lazima apasuliwe mapema. Mwambieni akipata nguvu." Akavuta pumzi. "Mume wako si alikuambia?"

Mume wake alikuwa mlangoni. Mtaa mzima walimwita Taratibu. Alikuwa mchora mabango, mtu wa kushinda asubuhi nzima kwenye herufi moja, na hapo alikuwa amekuja kuchukua kitambaa cha kufutia brashi. Alisikia lile swali la mwisho. Akamtazama mama yake, akamtazama mke wake.

"Si Mama alimwambia?" akasema.

Brashi mkononi mwake ikadondosha rangi nyekundu sakafuni na hakuna aliyeitazama.

Mnaona? Mimi hapa nakasirika kila nikifika. Mama alinyamaza kwa heshima, akijua habari za tumbo la mke ni za kusemwa na mume. Mwana naye alinyamaza kwa heshima, akijua habari za uzazi ni za kusemwa na wanawake, na mama yupo, tena mwalimu, atamweleza vizuri kuliko yeye. Kila mmoja akamwachia mwenzake njia apite, kama watu wawili wastaarabu kwenye mlango mwembamba, karibu kwanza, hapana, karibu wewe, na miaka ikapita hakuna aliyepita. Mtoto wa pili akaja tumboni. Wote wawili wakamwona anakwenda kliniki, wakasema moyoni, bila shaka daktari anajua, yeye mwenyewe si alishaambiwa? Adabu tupu. Ingemuua.

"Miaka yote hii," alisema Fundi. "Miaka yote hii nakula na nyinyi sahani moja!"

Alitaka kusema mengi zaidi, lakini uchungu ulimkata kauli. Ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza, na safari hii hakufurahi. Safari hii alikuwa akiusikiliza kwa woga, mkono umeshika chini ya tumbo, akiwaza kile kitu cha ndani asichoweza kukiona wala kukipapasa. Mama mkwe akapiga magoti sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamshika tumbo.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi, mwanangu."

"Sitaki kulazwa usingizi!" Lilimtoka lenyewe, kwa sauti, mpaka Msusi akazima redio. "Mkinilaza nitaamka mtoto ni wako. Kama yule. Nilimzaa mimi, lakini wewe ndiye uliyekuwapo. Akianguka anakuita wewe. Anakukimbilia wewe na mimi nimesimama pale pale!"

Akaanza kulia, kilio cha hasira, cha mtu aliyejifunga mdomo muda mrefu.

Mama mkwe hakuinuka. Alibaki pale magotini, mkono wake ungali tumboni.

"Mficha uchi hazai," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ungesema, mwanangu."

"Na nyinyi mngesema."

"Na sisi tungesema. Kweli."

"Mtaongea garini," alisema Taratibu.

Wote wakageuka kumtazama. Alikuwa amekwishatupa brashi na kitambaa, na kabla hawajamjibu alikuwa barabarani anakimbia, anapunga mikono kusimamisha teksi. Wachoma mahindi waliinua vichwa. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona mtu yule akikimbia, na nadhani hakuna aliyemwona tena. Msusi akatoka mbio na povu mikononi, akamchukua Kadogo, na alipoelezwa kwa maneno matatu kilichotokea, alikaa chini kwenye ngazi ya saluni yake na mkono mdomoni. Hakuwasimulia wateja wake kitu jioni ile.

Hospitalini daktari wa miwani alikuwa zamu. Hakumfokea. Alimpima, akasikiliza moyo wa mtoto, akamgusa kovu kwa upole na kumuuliza kama panauma uchungu unapoachia. Panauma kidogo, alisema Fundi. Daktari akamgeukia mkunga, akasema neno moja, na mkunga akatoka kwa hatua ndefu.

"Nilikatwa wima," alisema Fundi. "Nimeambiwa leo."

Daktari akawatazama mama mkwe na Taratibu waliosimama ukutani kama watoto waliovunja dirisha. Akaelewa, nadhani, au labda aliona hilo si la kuuliza kwa wakati ule.

"Basi tunakwenda sasa," alisema. "Mtoto yuko salama na wewe uko salama, lakini sitaki uchungu mwingine mwingi upite hapo."

"Daktari, nina ombi moja. Nataka kuwa macho."

"Utakuwa macho."

Fundi akadhani hakusikia vizuri. "Si unanipasua?"

"Nakupasua, ndiyo. Nakuchoma sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia kifuani kwenda chini hutasikia maumivu, lakini utaona, utasikia, utaongea. Mara ya kwanza walikupa nusukaputi kwa sababu ilikuwa dharura, nafikiri. Mambo yakiwa ya haraka hakuna muda wa ganzi." Akaipandisha miwani. "Ungekaa nyumbani mpaka kovu liachie, na mimi ningelazimika kukulaza. Hilo ndilo ulilokuwa ukitaka? Kuwa macho tu?"

"Ndiyo."

"Na siku ile ulinieleza habari za uzi na kitambaa."

Fundi akacheka, na machozi yalikuwa hayajakauka. Aliona haya, lakini zaidi ya haya aliona hofu iliyochelewa. Kumbe ile ile njia aliyoificha na kuitetea ndiyo ingemrudisha kwenye usingizi ule anaoukimbia, kama ingemwacha hai wa kulala.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Walimketisha, wakamwinamisha, mkunga akamkumbatia mabega wakati sindano ikiingia mgongoni, halafu miguu yake ikawa mizito, ikawa si yake. Wakatundika pazia la kijani mbele ya kifua chake. Aliona taa, aliona kofia ya daktari ikisogea juu ya pazia, alisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia. Alikodoa macho kwa nguvu zote, akiogopa hata kuyapepesa.

"Unaweza kupepesa," alisema mkunga. "Hatutakuiba."

Alijisikia akivutwa, kama shuka lililokwama chini ya godoro linavyovutwa, bila maumivu. Kisha mikono ya daktari ikasita.

"Mama," alisema daktari nyuma ya pazia, "kovu lako ni jembamba kama karatasi ya kufungia. Nauona mkono wa mtoto kabla sijakata." Akapokea kisu. "Umekuja wakati mzuri. Haya, sasa nakata."

Fundi akamwomba Mungu wake kimoyomoyo, akasubiri. Akavutwa tena, sana, tumbo likawa jepesi ghafla, na hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, kali, yenye hasira, sauti ya mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

Aliisikia yeye. Kabla ya Taratibu, kabla ya bibi, kabla ya mtaa mzima, aliisikia yeye.

Mkunga alimleta akiwa bado ana utelezi, akamlaza juu ya kifua chake, shavu kwenye shavu. Wa kiume. Alikuwa na mikunjo kwenye paji la uso na jicho moja wazi, na jicho hilo lilimtazama Fundi kama linalouliza kwa nini amechelewa. "Ni mimi," Fundi alimwambia. "Ni mimi, baba. Niko hapa. Sikulala." Mtoto akanyamaza. Alinyamaza kwake, kifuani kwake, na Fundi akasikia kitu kilichokuwa kimemkaba tangu mtoto wa kwanza kikimtoka, akalia bila kujali wanaomtazama.

Lakini mji wa mimba uliokatwa mara mbili haufungwi kwa haraka. Daktari alikuwa na kazi ndefu nyuma ya pazia, damu ilikuwa ikimsumbua kidogo, akaomba nyuzi nyingine. Mikono ya Fundi ilianza kutetemeka kwa ganzi na baridi, meno yakagongana, na mkunga akamgusa mtoto mgongoni.

"Anaanza kupoa," alisema. "Anataka joto la mtu, na wewe unatetemeka. Nimpeleke kwenye mashine ya joto, au kuna mtu wako nje wa kumshika?"

Fundi akambana mtoto. Ndiyo kwanza amempata! Angeweza kusema mashine. Mashine haina kifua, haina harufu ya kuzoeleka, hakuna mtoto atakayelilia mashine. Aliwaza hivyo kabisa, mimi sitamfichia. Akaliangalia lile jicho moja, akalibusu.

"Yupo bibi yake nje," alisema. "Mwalimu. Mwambie afungue vifungo, amfunge kifuani. Anajua yeye."

Mkunga akaondoka naye. Mlango wa kusukuma ukafunguka, ukarudi, haukufunga sawasawa. Kupitia upenyo ule Fundi akasikia kiti kikiburutwa, akasikia mkunga akieleza, kisha ile sauti ya darasani, safari hii imeshushwa mpaka chini kabisa.

"Nyamaza, bwana mdogo. Mimi ni bibi, si mama. Mama yuko humo ndani, anakuja. Dada yako naye nilimwambia hivi hivi, siku zile zote, usiku na mchana, mama anakuja, mama anakuja, hakunisadiki. Wewe unisadiki. Mama yako anakuja sasa hivi."

Machozi yalimteremka Fundi, yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Unaumwa?" daktari akauliza nyuma ya pazia.

"Hapana," alisema Fundi. "Namsikiliza mama."